HOTUBA: TUWAPOKEE VIFARANGA WA BATA KAMA WAGENI WA NYUMBANI

(Hotuba hii ilitolewa na bibi mmoja, mwanachama wa kikundi chetu cha ufugaji, kwenye mkutano wa wanachama uliofanyika chini ya mwembe wa ghala. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa ziwani siku ile, na kwa wale waliofika lakini wakakaa nyuma wakipiga soga.)



Kamati imenipa nafasi niseme machache kuhusu bata. Kama mnavyojua, Jumamosi ijayo tutapokea vifaranga wa bata 60 kutoka Mwanza mjini. Kaya 12 zitapata, kila kaya watano. Si zawadi, ni mkopo. Wakikua, wakataga, wakaangua, kila kaya itarudisha vifaranga watano kwa kaya inayofuata kwenye orodha. Kwa hiyo kifaranga akifa nyumbani kwako, hajafa wa kwako peke yako. Amekufa na wa jirani yako anayesubiri zamu.

Sasa mtaniuliza, kwa nini asimame huyu bibi, asisimame bwana mifugo? Bwana mifugo atakuja siku yenyewe. Mimi nimeomba nisimame kwa sababu nina jambo la kusema ambalo linanikaa kooni tangu mwaka jana.

Mwaka jana nilipata vifaranga watano katika lile kundi la kwanza. Wote watano walikufa ndani ya siku nne. Katika daftari la kikundi imeandikwa kwamba walichukuliwa na mwewe. Ndugu zangu, hakuna mwewe. Maneno yale niliyasema mimi, na karani akayaandika kwa kuniamini. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kulinda. Baba yake aliposikia habari ya mwewe akamchapa, kwamba alilala badala ya kulinda. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale jikoni. Nikanyamaza.

Leo nasema yaliyotokea, ili yasitokee kwenu.

YALIYONIPATA

Niliwaleta vifaranga wangu kwa basi, ndani ya boksi la sabuni lenye matundu mawili tu. Jua lilikuwa la saa saba mchana. Tulipofika walikuwa wamefungua midomo wanahema. Mimi nikajisemea: bata ni ndege wa maji, hawa wana kiu ya ziwa. Nikawachukua mpaka ufukweni, nikawaachia majini. Walifurahi jamani! Waliogelea, wakazama, wakaibuka, na watu waliokuwa wanaanika dagaa walicheka. Nikasema, mimi ni mfugaji hodari.

Jua likazama, upepo wa ziwa ukaanza. Nikawarudisha nyumbani wameloa chapachapa, nikawaweka kwenye boksi lile lile na kulifunika kwa khanga. Usiku niliwasikia wanalia, nikadhani wanamlilia mama yao. Asubuhi watatu walikuwa wamekauka.

Wawili waliobaki niliwapa pumba za mahindi kavu, kutoka gunia lililonyeshewa mvua likapata ukungu. Maji niliyaweka mbali ili wasimwage. Mmoja alikabwa, akafa na pumba mdomoni. Wa mwisho aliacha kula, miguu ikalegea, siku ya nne naye akaenda.

Haya, hiyo ndiyo habari ya mwewe wangu. Sasa tuseme sababu, moja baada ya nyingine.

KWA NINI KIFARANGA WA BATA HUFA KWA MAJI

Mtu mzima mmoja aliniambia, bata hafi maji. Bata mkubwa ni kweli. Bata mkubwa ana kitezi cha mafuta pale juu ya mkia. Mmemwona anavyogusa mkia kwa mdomo, kisha anajipitisha mdomo mwilini? Anajipaka mafuta. Maji yanateleza juu ya manyoya, ngozi inabaki kavu.

Kifaranga ana manyoya mororo tu, na kitezi chake bado hakijaanza kazi sawasawa. Akiwa na mama yake, anapata mafuta kwenye manyoya ya mama anapolala chini ya mbawa zake. Tena mama akimwona amechoka anamtoa majini na kumkalia mpaka akauke. Wetu wanaokuja hawana mama. Ukiwaweka majini wataloa kama pamba, na baridi itawaua usiku, hata kama mchana walikuwa wanacheza.

Nanyi mnajua baridi yetu. Ziwa letu liko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, lakini usiku, hasa mvua ikinyesha na upepo ukitoka ziwani, hata sisi tunatafuta blanketi.

KABLA HAWAJAFIKA

Mgeni hupokelewa na nyumba iliyofagiliwa. Basi kila kaya kati ya zile 12 iwe tayari ifikapo Ijumaa jioni.

Kwanza, mahali pa kulala. Tengenezeni uzio mdogo wa duara kwa mkeka wa zamani, bati au matete, ndani ya nyumba au kwenye banda lisilopitisha upepo. Nasema duara kwa sababu vifaranga wakisikia baridi au hofu hukimbilia pembeni na kulaliana. Mahali penye kona, wa chini hukosa hewa.

Pili, sakafu. Msiwaweke juu ya karatasi, nailoni au sakafu ya saruji iliyolainishwa. Miguu yao inateleza kila mmoja upande wake, na ikishatanuka hivyo siku mbili tatu hairudi. Siku za mwanzo tandikeni gunia la katani. Baadaye wekeni maganda ya mpunga au majani makavu. Bata hulowesha mahali haraka kuliko kuku, kwa hiyo kila siku badilisheni palipoloa.

Tatu, joto. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la kama nyuzi 30 hadi 32, kisha linapunguzwa kidogo kidogo kila wiki mpaka wanapoota manyoya. Najua hakuna mwenye kipimajoto hapa. Kipimajoto ni vifaranga wenyewe. Wakijikusanya na kulaliana huku wanalia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakilala wametawanyika kidogo, karibu karibu, wanalialia kwa sauti ya chini kama watu wanaozungumza, hapo wametulia, nawe nenda kalale.

Joto mtalipata wapi? Mwenye umeme atumie taa ya kutoa joto, aining'inize ifungwe kwa waya, si kwa kamba inayoungua. Asiye na umeme ajaze maji ya moto kwenye madumu au chupa, azifunge kwa gunia, azilaze katikati ya uzio, na azibadilishe usiku. Ni kazi, ndiyo. Lakini tafadhali, msiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa mnacholala nanyi. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu, siyo bata tu.

SAFARI NA SAA YA KWANZA

Watakaokwenda kuwachukua wasafiri asubuhi mapema. Boksi liwe na matundu pande zote, chini liwe na majani makavu, na lisiwekwe juu ya paa la basi wala karibu na injini. Wakifika, msiite kijiji kizima kuja kuwatazama. Watoto watataka kuwashika. Waambieni wasubiri kesho.

Kitu cha kwanza ni maji ya kunywa, yawe vuguvugu. Shika kifaranga mmoja mmoja, mchovye ncha ya mdomo majini mara moja au mbili, naye atajua. Mmoja akijua, wenzake wataiga. Wakishakunywa ndipo mlete chakula.

Chombo cha maji kiwe hivi: sahani au bakuli pana, ndani yake mpange mawe safi, maji yakae katikati ya mawe. Yawe na kina cha kumwezesha kifaranga kuzamisha mdomo mpaka matundu ya pua, maana bata husafisha pua na macho kwa maji. Lakini yasimwezeshe kuingia mwili mzima.

Jambo jingine: msimpe mtu kifaranga mmoja. Bata peke yake hulia mpaka akachoka, na huacha kula. Ndiyo maana kamati imesema watano watano. Kama kwako amebaki mmoja, usione haya. Mpeleke kwa jirani wakae pamoja, mtahesabiana baadaye.

CHAKULA

Hapa ndipo wengi tunakosea, kwa sababu tunamlisha kifaranga wa bata kama kifaranga wa kuku. Bata hukua haraka zaidi, na anahitaji zaidi kitu kimoja kinachoitwa niasini, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Akiikosa, miguu inalegea na kupinda, anatembea kwa magoti. Mahindi yana niasini, lakini imefungiwa ndani, haitoki kwa urahisi. Hata binadamu anayekula mahindi tu muda mrefu hupata ugonjwa wa ngozi kwa kukosa hiyo hiyo. Kwa hiyo pumba za mahindi peke yake hazitoshi.

Sisi wa ziwani tuna bahati, dagaa tunao. Changanyeni pumba za mahindi au za mpunga zilizo safi na dagaa waliosagwa. Dagaa wasiwe wa chumvi, wala wasiwe wamejaa mchanga. Ongezeni majani laini yaliyokatwakatwa, mchicha kwa mfano. Mwenye uwezo anunue vitamini za kuku za kuchanganya na maji katika duka la dawa za mifugo, aangalie kama zina kundi B. Mwenye kununua chakula cha vifaranga wa kuku amwonyeshe bwana mifugo mfuko kwanza, maana chakula kingine hutiwa dawa iliyopimwa kwa kuku, siyo kwa bata.

Chakula kilowekwe kidogo kiwe kama ugali uliomeguka, na maji yawe hapo hapo kando. Bata anakula mdomo mmoja, anakunywa mdomo mmoja. Chakula kikavu bila maji kinamkaba, kama kilivyomkaba wa kwangu. Kilicholowekwa kikibaki nusu siku, kitupeni, kinachacha.

Na sasa sikilizeni sana. Msiwape chakula chenye ukungu. Ukungu wa mahindi na karanga una sumu, siku hizi tunaiita sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila mtu kujua sababu. Vifaranga wa bata nao wakafa. Wataalamu wakatafuta, wakakuta ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Tena kifaranga wa bata ni mwepesi sana kudhurika na sumu hiyo, hata wataalamu walikuwa wakimtumia kuipima: wanampa chakula kidogo, wanaangalia ini lake. Na msidhani ni habari ya ndege tu. Mwaka 2016 hapa hapa Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Kwa hiyo mahindi yenye ukungu si ya bata, si ya ng'ombe, si yetu.

Mashudu ya pamba nayo, ambayo sisi Wasukuma tumeyazoea kwa ng'ombe, msiwape vifaranga. Mbegu ya pamba ina sumu yake. Ng'ombe mkubwa huimudu, kifaranga haimudu.

KAMA UNA KUKU ANAYEATAMIA

Mwenye kuku anayeatamia anaweza kumpa kazi ya ulezi, na hapo habari ya madumu ya maji ya moto imekwisha. Lakini kuna utaratibu wake. Kuku awe ameshaatamia wiki mbili au zaidi, awe mpole, asiwe na viroboto wala utitiri. Vifaranga wawe wadogo, wa siku moja au mbili. Usiku, giza likishaingia, nenda polepole, toa yai, ingiza kifaranga. Toa yai, ingiza kifaranga. Kuku hajui hesabu. Asubuhi akiamka atakuta watoto, atawaita. Amka mapema ukaangalie: akiwadonoa kwa ukali waondoe, usibishane naye.

Yuko mtaalamu mmoja wa Austria, jina lake Konrad Lorenz, aliyechunguza mabata bukini na bata. Akaeleza kwamba ndege hawa, wakishaanguliwa, humfuata kile kitu cha kwanza kikubwa wanachokiona kinatembea, na hukishika kuwa ndiye mama. Bata bukini wengine walimfuata yeye mwenyewe, mzee mwenye ndevu, mpaka majini. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Bibi zetu walijua hayo bila tuzo. Ndiyo sababu kifaranga aliyekwisha kumzoea mtu au bata mwingine kwa siku nyingi hamkubali tena kuku. Na ndiyo sababu katika siku za kwanza ni vizuri mtu mmoja wa nyumbani, huyo huyo kila siku, awe ndiye anayewalisha na kuwaita kwa sauti moja. Watamjua, na jioni atawarudisha bila kukimbizana.

Mwenye kuku mlezi asishangae siku bata watakapoona dimbwi. Wataingia, na mama kuku atabaki ukingoni anapiga kelele kama mtu aliyeona watoto wake wanaingia shimoni. Mlinde asiingie kuwafuata. Na wale watoto akiwakalia usiku watapata joto, lakini mafuta ya bata kuku hana. Kwa hiyo hata wenye kuku mlezi, msiwaruhusu ziwani mapema.

MAJI NA ZIWA

Basi lini? Kuanzia wiki ya pili, siku ya jua kali, wekeni karai la maji ya kina kifupi lenye jiwe la kupandia. Waingie dakika chache, mkiwatazama. Wakitoka wakauke juani kabla ya kurudi ndani. Kila wiki waongezeeni muda. Watakapokuwa wameota manyoya kifuani na tumboni, ndipo muwafikirie maji makubwa. Hadi hapo ni mwezi na zaidi. Msihesabu siku, tazameni manyoya.

Na kwenye maji makubwa, watoto wetu wasitumwe kuingia ziwani kuwafuata bata. Sisi watu wa ziwa tunaijua kichocho. Konokono wadogo walioko kwenye majani ya ukingoni ndio wanaoibeba, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Bata hula konokono, ni kweli, lakini hawamalizi konokono wa ziwa zima. Mtu asiseme nimefuga bata, kwa hiyo kichocho imekwisha. Waiteni bata kwa chakula, watatoka wenyewe. Na kwenye magugu maji, yale yaliyoingia ziwani mwetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, msiwaachie kabisa. Wanapotelea humo, na nyoka na kenge wanajificha humo.

Maji ya karai yabadilishwe kila siku, yamwagwe kwenye bustani ya mchicha. Ni mbolea nzuri, na mbu hawatazaliana. Bata wasikaribie kisima cha kunywa.

ADUI WA KWELI

Mwewe yupo jamani, sikusema hayupo. Nilisema tu hakuwachukua wa kwangu. Mchana wawe chini ya wavu au matawi. Usiku mlango ufungwe, na matundu ya banda yasipitishe hata ngumi ya mtoto, maana kicheche na nguchiro hupita padogo. Kenge hufuata harufu. Siafu ni wabaya kuliko wote, hawaachi hata mfupa. Zungusheni majivu, na banda la kuinuliwa liwe na miguu iliyowekwa kwenye makopo yenye mafuta machafu, mbali na midomo ya vifaranga.

Adui mwingine ni dawa. Dumu lililowekwa dawa ya kunyunyizia pamba lisigeuzwe chombo cha maji hata likioshwa mara kumi. Na zikija ndege za kunyunyizia kwelea kwelea kwenye mpunga, siku hizo bata wabaki nyumbani.

AFYA YAO NA YETU

Wengine hapa mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Mimi nilikuwa mtoto. Mama yangu alikuwa anakwenda kwenye kikundi cha kusikiliza redio, anarudi nyumbani anatuamrisha kuchimba choo na kufukia madimbwi. Tulimwona msumbufu. Leo nami nawasumbua nyie: mtoto akishika kifaranga anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Bata anayeonekana mzima anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Wasilale na chakula chetu, wala wasinywe kwenye vyombo vyetu.

Bata pia wanaweza kubeba kideri bila wao kuumwa, kisha kuku wenu wakafa. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi kuku wachanjwe, na bata wageni wakae mbali na kuku wengine wiki mbili za kwanza. Mwenye kuku mlezi amtenge na wenzake pamoja nao.

Na ndege wakifa wengi kwa mara moja, wawe bata, kuku au ndege wa mwituni ufukweni, msiwale, msiwatupe ziwani, msiwashike kwa mikono mitupu. Mwambieni bwana mifugo siku hiyo hiyo. Januari mwaka 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa kwa wenzetu Uganda, kwenye ukingo wa ziwa hili hili, upande wa Entebbe. Ndege hawaulizi mpaka.

FAIDA IKO WAPI

Mtasema bibi ametutisha. Hapana. Bata akivuka mwezi wa kwanza ni ndege mgumu kuliko kuku, magonjwa mengi yanamshinda. Bata wetu hawa wenye nyama nyekundu usoni asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati, lakini wamezoea nchi yetu kama muhogo na mahindi yalivyozoea, nayo yalitoka kule kule. Jike huatamia mwenyewe siku kama 35 na kulea mwenyewe. Kundi lijalo halitahitaji dumu la maji ya moto.

Na wenye majaruba, kuna mkulima wa Japani, Takao Furuno, ambaye tangu mwaka 1988 amekuwa akiingiza vifaranga wa bata kwenye mpunga wake. Wanakula magugu na wadudu, wanakoroga matope, wanaacha mbolea. Huwaingiza mpunga ukishashika mizizi, na huwatoa unapoanza kutoa masuke, maana hapo watakula mpunga wenyewe. Tukifika huko tutajaribu kwenye jaruba moja la kikundi, siyo yote, tuone.

NENO LA MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, naomba karani afute neno mwewe kwenye daftari, aandike: walikufa kwa kosa la mfugaji. Deni langu la vifaranga watano liko pale pale. Sikuwekwa kwenye orodha ya Jumamosi, na sidai.

Mjukuu wangu nimemwomba radhi nyumbani, mbele ya baba yake. Aliniambia, bibi, mimi nilijua, niliwaona walivyoloa. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema, ungechapwa wewe. Basi nimeona nimwombe radhi na hapa, mbele yenu.

Ninachowaomba ni kimoja. Vifaranga wakianza kufa kwako, usiite mwewe. Niite mimi, au muite jirani, siku ya kwanza, wakati wanne bado wapo. Tukijua kilichoua, tunaokoa waliobaki. Tukificha, kila nyumba itajifunza kwa vifaranga wake, na 60 hawatoshi kwa mafunzo hayo.



MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee mmoja: Je, ukimkuta kifaranga amelowa na anatetemeka, ufanyeje?
Jibu: Mkaushe kwa kitambaa, mweke kifuani ndani ya nguo au karibu na dumu la moto, kwa kiasi. Asipewe chakula mpaka achangamke. Ampe maji vuguvugu kidogo kidogo kwa mdomo wake mwenyewe, asimiminiwe kooni.

Kijana mmoja: Tukiwapa mchwa na minyoo?
Jibu: Vizuri sana, kwa kiasi, ila visitoke kwenye mzoga. Funza wa mzoga wanaweza kuwa na sumu inayolegeza shingo ya bata, na hapo mara nyingi haponi.

Mama mmoja: Huyo mjukuu wako, Jumamosi atapewa kazi gani?
Kabla bibi hajajibu, Mwenyekiti alisema kamati imeamua: yeye ndiye atakayepita kaya zote 12 kila jioni kwa wiki mbili, kuangalia kama vifaranga wamelala wametawanyika au wamelaliana, na kumwambia karani. Wanachama wakapiga makofi.

(Kaya 12 zilizo kwenye orodha zihakikishe uzio, gunia na madumu viko tayari ifikapo Ijumaa jioni. Aliyekosa gunia aje ghalani.)